Saumu ya Bwana Bakari

Mwaka ule wa themanini na tisa mwezi wa Ramadhani uliandama katikati ya mvua za masika, na pale Mjambere hapakuwa na mtu mwenye dhiki ya Ramadhani kumshinda Bi Dhahabu. Si dhiki ya njaa, hapana. Bi Dhahabu alianza kufunga hajavunja ungo, na njaa walikuwa wamezoeana. Dhiki yake ilikuwa ni mumewe, Bwana Bakari. Mzee yule alikuwa hai, mwili mzima, meno yake yote anayo ila mawili, lakini akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Ikafika hadi siku nyengine hajui yumo nyumba ya nani, wala yule mwanamke anayemletea chai ni nani wake.

Alimwita mama. Alimwita shangazi. Siku moja alimwita bibie, kwa adabu zote, kama mtu anayesema na mke wa mwenzake. Jina la Dhahabu halijamtoka kinywani tangu Mfunguo Sita, na huyo ni mke aliyekaa naye miaka arubaini na miwili, jamani! Bi Dhahabu alilitamani jina lake mwenyewe hata akaona haya. Akiwa jikoni peke yake alilitamka kwa sauti ya mumewe, ile nzito yenye kukwaruza, kisha akajicheka akaendelea kukuna nazi.

Mwishoni mwa Shaaban alikuja Maalim Mwidani, msomeshaji wa chuo cha nyuma ya msikiti, kuwajulia hali. Alikunywa kahawa, akazungumza ya mvua na ya barabara, hadi mwisho akalitoa lililomleta.

"Bi Dhahabu, mwezi ndio huo waja. Bwana Bakari usimtie mashakani. Kalamu imenyanyuliwa kwake. Asiyekuwa na akili hana faradhi."

"Akili anayo, Maalim. Asahau tu."

"Najua, lakini..."

"Na mwenye kusahau akala, saumu yake haiharibiki. Si nyinyi mliotusomesha hivyo?"

Maalim alikiweka kikombe chini taratibu. "Huyo ni aliyesahau kuwa amefunga, bibi yangu. Bwana Bakari amesahau kufunga ni kitu gani."

Wallahi maneno hayo yalimchoma. Alimuaga Maalim vizuri, akamsindikiza hata mlangoni, lakini aliporudi ndani alivipiga vile vikombe kwenye beseni hata kimoja kikavunjika mkono. Nani amwambie yeye kuwa Bakari hajui kufunga? Bakari!

Maana huyu Bwana Bakari alikuwa kuli wa bandarini miaka ishirini na sita, na Ramadhani zote hizo alifunga huku akibeba magunia ya saruji chini kabisa tumboni mwa meli, mahali ambapo jua halifiki lakini joto linafika. Wasimamizi walimwambia ale, hakuna wa kumlaumu. Hakula. Akirudi nyumbani jioni, mdomo umempauka na vumbi limemganda hata kwenye kope, hukaa mkekani na mkewe wakingoja adhana, na siku moja katika kungoja huko alimwambia jambo ambalo Bi Dhahabu hakulisahau tena.

"Dhahabu," alisema, "kule chini pana pipa la maji, na kata imo ndani. Na mara nyingi huwa niko peke yangu. Nikinywa, nani atajua? Wewe hutajua. Imamu hatajua. Basi hapo ndipo ninapomjua Mola kuwa yupo pamoja nami. Siku nyengine zote nasikia tu kwa watu."

Alimpenda sana siku ile. Tena alimwonea wivu kidogo, maana yeye Dhahabu alifunga kwa kuwa watu wote hufunga, na mpaka hapo hakuwa amewahi kujiuliza zaidi. Tangu siku ile naye akaanza kufunga vile, huku amemkabili Mmoja tu. Kumbe mume anaweza kumfundisha mkewe dini kwa hadithi ya pipa la maji. Walikuwa wawili katika saumu ile, na Bi Dhahabu sasa aliona kuwa mumewe akitolewa katika Ramadhani basi ametolewa katika kila kitu. Mwili utabaki pale kwenye kiti cha kamba, na yeye atafunga na kufungua peke yake kama mjane. Hilo hakulikubali.

Akakata shauri: kama Bakari hakumbuki, yeye atamkumbukia.

Kila usiku baada ya isha alimkalisha kitako akamtamkisha nia, neno kwa neno, na mzee akafuatisha vizuri tu, kama mtoto wa chuoni. Mchana alilifunga kabati la vyakula kwa kufuli, ufunguo akaufundika katika pindo la kanga. Ndizi alizitia uvunguni mwa kitanda. Mtungi wa maji aliuhamishia chumba cha nyuma, na mlango wake akaurudishia. Utadhani nyumba imeingiliwa na wezi.

Siku tatu za mwanzo mzee alilala mchana kutwa, na Bi Dhahabu akamshukuru Mungu. Siku ya nne alitoka uani kuanua nguo mvua haijashuka, kurudi akamkuta Bwana Bakari jikoni, bakuli la unga wa kaimati amelipakata, ndevu zote nyeupe kwa unga uliochachuka, anakula kwa vidole na raha yake.

"Lahaula! Bwana, wafanya nini?"

"Uji wako mzito leo, mama," akasema.

Bi Dhahabu alicheka mpaka akakaa chini, na akiwa pale chini kicheko kikageuka kilio. Alimfuta ndevu kwa ncha ya kanga. Amesahau tu, alijiambia, saumu yake ingaliko. Na kuanzia siku hiyo hata unga wa kaimati ukafungiwa kabatini.

Siku ya tisa mchana alitoka kwenda kununua mbaazi duka la pili. Hakukaa hata robo saa. Aliporudi aliukuta mlango u wazi, na huko nje anakuja Jerioth, yule mama wa Kimeru aliyepanga nyumba ya jirani, amemshika mzee mkono. Bwana Bakari alikuwa pekupeku, mashavu yamelowa. Kwanza Bi Dhahabu alidhani ni mvua.

"Mama," alisema Jerioth, "mzee amekuja kwangu akaomba chakula. Nilikuwa na githeri kwa sufuria, imeiva. Nikamwambia, mzee, wewe ni Muislamu, huu ni mwezi wenu, mimi siwezi kukuharibia mfungo wako. Nikamnyima. Akalia, mama. Mzee kama huyu amelia kwa mlango wangu watoto wakiangalia. Sasa sijui, nimefanya makosa?"

"Hukukosa, mwanangu," Bi Dhahabu alimjibu. "Umetuheshimu. Aliyekosa ni mwengine. Ahsante, mwanangu, ahsante sana."

Alimwingiza mumewe ndani akamfuta miguu. Mzee alimkamata mkono, akamtazama usoni kwa macho ya mtu aliyeonewa.

"Mama, nipa chakula. Nimefanya nini mimi? Nimekosa nini hata ninyimwe?"

Haya, jibu hilo. Amwambie nini? Kwamba ni Ramadhani? Neno lenyewe lingempita kama jina la mji asiowahi kufika. Kule tumboni mwa meli Bakari alikuwa na njaa akijua ana njaa kwa ajili ya nani, na kujua huko ndiko kulikokuwa saumu. Sasa ana njaa na hajui ni ya nini. Anadhani ameadhibiwa. Na aliyemwadhibu si Mwenyezi Mungu, maana Yeye amekwisha kumsamehe. Ni mkewe, aliyeogopa kubaki peke yake akaita woga huo ibada. Aliona haya hata mbele ya sufuria zake.

"Hujakosa kitu, bwana wangu," akasema. "Ngoja kidogo."

Alilifungua kabati. Akapika wali wa nazi saa nane ya mchana wa Ramadhani, harufu ikatoka mpaka njiani, na majirani waseme watakavyo. Akamkaangia vipande viwili vya samaki. Hakuonja, vipi ataonja naye ana saumu? Alikisia chumvi kwa jicho, akapakua, akamnawisha mikono, akaketi mbele yake mkekani.

Bwana Bakari alitia tonge la kwanza, akatafuna, akakunja uso.

"Hauna chumvi."

"Kweli, bwana?"

"Hata kidogo."

Miaka arubaini na miwili hakuwahi kusema neno juu ya chumvi mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa alijua mpishi haonji. Bi Dhahabu aliinuka akamletea chumvi, na roho yake ikapoa kwa jambo hilo dogo, kumwona mtu anakula na anashiba. Alimtolea miiba katika samaki. Mzee alikula matonge mengi kabla ya kugundua kuwa mwenzake hanyooshi mkono.

"Na wewe huli?"

"Nimefunga."

Mkono wa Bwana Bakari ulisimama hewani. Kitu fulani kilipita usoni mwake, si kumbukumbu, labda haya tu za mtu aliyelelewa na watu. Akageuka akaelekea ukutani na sahani yake.

"Niwie radhi, bibie. Nala mbele ya mwenye saumu."

"Kula, ni halali yako. Mimi nimekupikia."

Akala akiangalia ukuta, mpaka akamaliza. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umetulia, na akaanza kuzungumza kama mgeni aliyeshiba anavyomzungumzisha mwenye nyumba.

"Mke wangu naye hufunga," alisema. "Hodari wa kufunga yule. Hata akiwa na homa hufunga, mpaka nimgombeze. Dhahabu."

Bi Dhahabu alishika ukingo wa mkeka. Miezi yote ile alikuwa amejitayarisha atakavyoitika, abee bwana wangu, na sasa jina limetoka, na sauti ni ile ile yenye kukwaruza, lakini halikuja kwake.

"Yuko wapi Dhahabu?" akauliza.

"Sijui. Alikuwapo hapa. Alitoka kitambo, hajarudi." Mzee aliutazama mlango. "Namngoja."

"Bwana." Alisogea mpaka magoti yao yakagusana, akaushika mkono wake wenye sugu za magunia. "Bakari, nitazame. Mimi ndiye Dhahabu."

Bwana Bakari alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayeogopa kumvunja mwenzake moyo. Kisha akatabasamu.

"Basi majina yenu ni mamoja," alisema.

Bi Dhahabu alikusanya sahani, na alikuwa yuko mlangoni pa jikoni mzee alipomwita tena.

"Bibie, wewe una saumu, na dua ya mwenye saumu haikataliwi wakati wa kufungua. Hebu niombee magharibi. Mwombe Mola amrudishe mke wangu. Mimi nikianza kuomba, nasahau naomba nini."

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Mvua ilinyesha ikakatika. Bi Dhahabu alipika futari yake, mbaazi na kaimati chache, akampelekea Jerioth bakuli, akarudi. Kwa siku nane, kila akifungua alimwomba Mungu amrudishie mumewe, na aliomba kama mtu anayedai chake. Leo alijiuliza ataombaje. Aliona kuwa siku zote hizo alikuwa akimlilia Bakari aliyepotea, kumbe na Bakari amekaa upande wa pili anamlilia yeye, na kila mmoja anamngoja mwenzake ndani ya nyumba moja.

Magharibi ilipokaribia alitandika mkeka, akamshika mzee mkono akamkalisha pembeni yake. Hakumtamkisha kitu. Bwana Bakari alikaa, mikono mapajani, akiutazama mlango. Adhana ikaanza msikitini. Bi Dhahabu aliinua mikono.

"Ya Rabbi," akasema kwa sauti, ili asikie aliyemtuma, "mrudishe Dhahabu kwa Bakari. Anamngoja."

"Amin," akaitikia Bwana Bakari, naye ameinua mikono yake yote miwili. "Amin, bibie. Mungu akulipe."

Bi Dhahabu akanywa maji.