Kiti cha Nasinkoi

Lemayian alikuwa mpiga kasia katika msitu wa hifadhi ulio mpakani mwa Handeni na Korogwe, ambako maziwa matatu madogo yameunganishwa na mifereji myembamba. Wageni walikwenda huko kutembea, kupika na kutazama ndege. Asubuhi hiyo mgeni wake alikuwa mama mkwe wake, Namunyak, aliyetoka Mazingara kwa nia moja: kumrudisha binti yake nyumbani.

"Ng'ombe akipotea nitafuata nyayo," alikuwa amemwambia binti huyo, Nasinkoi. "Mumeo akizama nitafuata nini?"

Nasinkoi alimsihi kwanza aione hiyo kazi. Namunyak alikubali, mradi binti yake akae katikati ya mtumbwi. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Neno hupitia kwa mtu mwingine. Basi Namunyak alikaa mbele, jaketi la kujiokolea likiwa juu ya shuka, macho yake majini. Lemayian alishika kasia nyuma.

"Leo umempakia hakimu wako," Zamda, mwenzake wa kazi, alimtania kutoka ukingoni. "Piga kasia kwa adabu, shemeji!"

Ziwa la kwanza walilivuka salama. Penye mdomo wa mfereji, Nasinkoi, ambaye alikuwa na mimba changa, alishikwa na kichefuchefu. Wakamshusha mahali ambapo wageni wengine walikuwa wakichemsha chai.

"Endeleeni," alisema. "Mama bado hajaona kitu." Kabla mama yake hajapinga, aliusukuma mtumbwi kwa mguu.

Mfereji waliupita kimya. Katikati ya ziwa la pili upepo uliibuka, mawimbi yakaanza kuupiga mtumbwi ubavuni. Namunyak alishtuka, akajiinua. Mtumbwi ukalala upande.

Lemayian alijua la kusema. Hakujua namna ya kulisema. Akimwamuru mama mkwe, ukoo mzima ungelisimulia jambo hilo kwa miaka. Akinyamaza, wangezama. Alikikazia macho kiti kitupu kilichokuwa kati yao.

"Nasinkoi!" alipaza sauti. "Mwambie mama akae chini. Asishike ukingo. Mikono aiweke magotini."

Namunyak aliduwaa. Kisha akaketi, akaweka mikono magotini.

"Nasinkoi," alijibu bila kugeuka, "mwambie mumeo nimekaa. Na umuulize kama tunakufa."

"Nasinkoi, mwambie mama hatufi. Naielekeza pua ya mtumbwi kwenye upepo. Utayumba kidogo, kisha utatulia."

Ukayumba. Ukatulia.

Walipoingia ziwa la tatu, upepo ulikuwa umebaki nyuma ya miti. Ndege mweusi alisimama juu ya gogo, mabawa ameyatandaza.

"Nasinkoi, muulize mumeo kwa nini yule amejianika kama nguo."

"Nasinkoi, mwambie mama anajikausha. Ametoka kuvua samaki."

"Kumbe naye hapendi kulowa." Namunyak alisikiliza kasia likiingia na kutoka majini. "Nasinkoi, nilidhani mumeo anashindana na maji. Kumbe anayachunga. Mwambie nitarudi Mazingara peke yangu."

Lemayian aligeuza mtumbwi taratibu.

Nasinkoi aliwapokea na kikombe cha chai, uso umejaa wasiwasi.

"Mama, mmekaa kimya njia nzima?"

"Kimya gani?" Namunyak alivua jaketi, akampa. "Wewe leo umeongea mno."