Ufa Uliofika Kariakoo

Asubuhi Celina alipofika Kariakoo kumsaidia baba yake, aliwakuta watu mlangoni mwa duka wakibishana juu ya somo lake la jana.

Jioni iliyopita, kwenye darasa la watu wazima kule Ilala, alikuwa amefundisha jinsi bahari zinavyozaliwa. Chini kabisa ya ardhi, alisema, kuna mwamba mgumu, lakini kwa joto lake hutambaa polepole. Ulio moto hupanda, uliopoa huzama. Unapopanda, nchi ya juu huvutwa huku na huku mpaka ipasuke. Ufa ukipanuka na kushuka, maji huingia. Ndivyo Madagaska ilivyobanduka kwetu. Na Bonde la Ufa bado linapanuka.

Basi. Ila mwaka ule serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma, na Kariakoo haikosi mtu wa kujumlisha mambo mawili kama hayo.

"Wanahama kwa kuwa Dar itazama," alisema Mrisho, muuza nazi. "Kasema binti wa Isidori, na yule kasoma."

Mzee Isidori alimvuta bintiye ndani. "Kanusha. Waambie ardhi haiendi popote."

"Baba, inaenda."

"Basi iende kimya."

Celina alikaa, akasimama, akapanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Mwishowe akatoka. Kila hatua aliulizwa, naye kila alipoanza kujibu, mwingine akamkatiza. Mtaa wa Sikukuu alimkuta Sofia, mjane anayeuza wali na maharage, mwanafunzi wake wa kiti cha mbele, akifunga masufuria kwa kamba. Wanawe wawili walikwisha kukalia mizigo.

"Shikamoo, dada Sofia. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Dodoma, kwa mdogo wangu."

"Lakini Bonde la Ufa linapita huko huko."

Kamba ilimponyoka Sofia. "Sasa niende wapi na watoto hawa?"

Hapo Celina alitamani kusema uongo; neno moja tu, mama huyu apumzike. Akachuchumaa mbele yake.

"Ardhi inapasuka, sikufichi. Lakini hata ukucha wako unakua haraka kuliko ufa ule. Mpaka bahari iingie, ni mamilioni ya miaka."

Sofia aliokota kamba. "Mbona jana hukusema?"

"Nilinogewa na maelezo, dada. Nikasahau wanaonisikiliza wana watoto."

Sofia hakucheka. Aliwaambia wanawe washuke, akamshika Celina mkono. "Twende ukawaambie na wengine. Mimi peke yangu hawataniamini."

Walizunguka genge kwa genge mpaka jua la utosi. Wengine waliafiki, wengine waliguna. Mrisho aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kupakia nazi zake kwenye mkokoteni.

Jioni darasa lilifurika, watu hadi madirishani. Celina alishika chaki, akaanza na yale mamilioni ya miaka.