Kijifuko Chini ya Shina

Katika maganda ya uyoga yaliyobaki kwenye sinia, Joyline aliona kipande cha shina ambacho hakikupaswa kuwapo. Kilikuwa cheupe, kimevimba chini, kimekaa ndani ya kijifuko chembamba kama yai lililopasuka.

Uyoga wa kichuguu hauna kijifuko. Mzizi wake huzama ardhini kuwafuata mchwa. Joyline alilijua hilo. Ndiyo elimu aliyoisomea chuoni, na asubuhi ile ndiye aliyeuchuma mwenyewe kwenye malisho nje ya Magunga, akijigamba njia nzima. Mvua ilipomharakisha, akang'oa mwingine bila kuuchimbua.

"Mama, umekula uyoga wote?"

"Wote," Jerusha alicheka, akifuta sufuria kwa tonge la ugali. "Ungezidi kuchelewa mtoni, ningekula na sufuria."

Joyline akakisogeza kipande kile mwangani. Jamii ile ya uyoga ilikuwa ngumu kuitambua. Hata walimu wake walibishana wakiwa kwenye darubini. Iko aina yenye kijifuko inayoliwa, na iko inayoua, nazo hufanana kama pacha. Inayoua haina haraka: mtu hushiba, hupiga soga, hucheka, na kumbe ini limekwisha kuanza kufa.

"Twende hospitali, Mama."

"Kwa ugonjwa gani, nyathina, mwanangu? Mimi mzima kama kigongo."

"Nimekupa kitu nisichokijua."

Jerusha alimtazama. Alikwisha kumwona bintiye akilia, akikasirika, hata akidanganya. Hakuwahi kuona midomo ikimtetemeka hivyo. Akajifunga leso, wakapanda pikipiki.

Hospitalini Homa Bay, daktari alikigeuzageuza kipande kile juu ya pamba. "Wewe ndiye msomi wa uyoga. Huu unaitwaje?"

Jina lilimjia ulimini, la Kilatini, limenyooka na tayari. Akalimeza.

"Sijui," alisema. "Mtibu kana kwamba ni ule mbaya kuliko yote."

Wakamtundikia dripu. Joyline akakaa ukingoni mwa kitanda, akiuchungulia weupe wa macho ya mama yake kila mama alipogeuka, usije ukawa umeingia umanjano. Hapakuwa na dalili yoyote, na ukimya huo ndio uliomtisha. Jua lilikuwa likishuka upande wa ziwa tumbo la Jerusha liliponguruma.

Joyline akamgeukia.

"Ni njaa tu, nyathina," Jerusha alisema. Lakini alimshika bintiye mkono, na hakuuachia.