Mwenye Nyumba Apiga Hodi

Kicheko ndicho kilichomwudhi. Angemkuta mumewe analia angevumilia, maana alikuja na leso mbili kwa kazi hiyo hiyo. Lakini fundi cherehani huyu, aliyevuka mji mzima na bakuli la chakula mapajani, alifika kwenye korido ya wodi akamsikia mumewe anacheka. Na si cheko la adabu, la hasha! Anacheka mpaka anakohoa, kicheko chake kile cha zamani, ambacho nyumbani hakikusikika tena tangu magunia yalipomwangukia. Na aliyekuwa naye mle chumbani ni sista.

"Hee!" fundi akajisemea. "Kumbe kicheko anacho. Ananinyima mimi tu."

Mumewe alikuwa mtunza ghala. Miezi mitano nyuma, rundo la magunia ya sukari liliporomoka kwa nyuma yake, likawafunika yeye na mwenzake. Wakakaa chini ya magunia kwa saa sita, katika giza ambalo hata kidole chako hukioni. Mwenzake aliongea saa mbili za mwanzo, kisha akanyamaza. Mume wa fundi alitolewa hana hata mfupa uliovunjika, na watu wakampongeza fundi kwa bahati yake. Bahati gani, jamani? Mtu halali taa ikizimwa, mlango ukibamizwa anaruka, mkewe akimgusa anatetemeka na kumtazama kama mgeni. Mwishowe daktari akasema hofu imemkaa mwilini, alazwe, apate watu wanaojua kuitoa.

Sasa huyo sista aliyekabidhiwa kumhudumia, angekuwa mrembo, fundi angejua pa kuanzia kumchukia. Wapi! Mfupi, mnene, ana mwanya wa kupitisha kidole, viatu vya raba vimelika upande mmoja. Fundi alimkagua juu mpaka chini kama anavyokagua kitambaa dukani, asione kitu. Hilo ndilo lililomtia wazimu zaidi. Kama si uzuri, ni nini?

Halafu zile hodi zake. Mlango uko wazi, mgonjwa anamwona kabisa, lakini yeye anasimama kizingitini: "Hodi. Ni mimi, sista. Nimeleta dawa. Niingie?" Asipoitikiwa haingii. Akiitikiwa anapita upande anakoonekana, mikono mbele. Na mlangoni alibandika karatasi: Piga hodi. Sema wewe ni nani. Usimjie kwa nyuma. Usimguse kabla ya kumwuliza. Fundi akampachika jina, Bi Hodi, na jina lenyewe alilitamka kwa kubana pua.

"Na wewe pia, mama, tafadhali," sista alimwambia siku ya kwanza.

"Mimi? Nimpigie hodi mume wangu? Miaka kumi na minne nalala naye kitanda kimoja, leo nijitambulishe?"

"Si kwamba hakujui. Mwili wake unashtuka kabla yeye hajapata nafasi ya kukujua."

Fundi akasema "sawa, sista," lakini sawa yenyewe iliishia mdomoni. Afundishwe kumjua mume wake na mwanamke mwingine? Basi kila alipofika aliingia moja kwa moja, anakohoa, anagonga bakuli, analalamikia jua. Kwa kelele hizo mumewe alijua anayekuja ni nani, na balaa halikutokea. Fundi akaamini ile karatasi ni maringo tu.

Wifi yake, dada wa mume, ndiye aliyemwaga petroli.

"Wifi, mie sisemi kitu," alianza, na ukimsikia hivyo ujue anasema. "Lakini mara tatu nimemkuta yule sista kakaa na kaka yangu kwenye benchi la uani. Hawazungumzi. Wamekaa tu. Sasa nikuulize, mtu mzima na mtu mzima wanakaa tu, wana nini?"

"Labda wamechoka."

"Mm. Labda," wifi akasema, akanyanyua kikombe kuficha mdomo.

Siku hiyo fundi alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja pale pa kulia. Aliufumua, akaushona tena pale pale pa kulia. Machoni mwake palikuwa na benchi moja tu, na kichwani alikuwa amekwisha kuwashikanisha mikono.

Jumatano daktari akampa habari njema. Mgonjwa alikuwa na siku kumi na moja bila kushikwa na ile hofu. Akifika Ijumaa hivyo hivyo, anarudi nyumbani. Fundi alishukuru, akatoka, na kabla hajafika getini furaha ilikuwa imeingia mchanga. Atarudi, ndiyo. Lakini atarudi mtu aliyetengenezwa na Bi Hodi. Na akifika nyumbani akakaa kimya, kicheko amekiacha wodini, je? Fundi alitaka kicheko kimoja tu, chake mwenyewe, kabla ya Ijumaa.

Akakumbuka mchezo wao. Enzi za uchumba alikuwa akimnyatia kwa nyuma na kumziba macho kwa viganja. Kijana anauliza, "Nani?" Naye anajibu, "Mwenye nyumba!" Nyumba yenyewe ipo wapi? Walikuwa wamepanga chumba kimoja chenye dari la kuvuja. Basi hapo mwanamume hucheka mpaka machozi.

Mnaniuliza akili yake ilikuwa wapi? Nami nauliza hivyo hivyo. Magunia aliyajua, giza alilijua, na karatasi aliisoma. Lakini Alhamisi ile mchana alikuwa hamwoni mtu ila sista.

Alivua viatu koridoni, yeye ambaye siku zote hutangulizwa na kelele. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, mgongo mlangoni, drafti mbele yake. Fundi akanyata hatua nne, moyo unamwenda mbio kama msichana. Akamziba macho.

Hakuuliza nani. Alitoa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwa binadamu, akapiga viwiko nyuma, na fundi akajikuta sakafuni, mdomo umepasukia kwenye pembe ya kabati. Vikete vya drafti vilitawanyika chumba kizima. Mwanamume akajipenyeza chini ya kitanda, anakwangua sakafu kwa kucha, anaita, "Mwenzangu! Sema basi! Mwenzangu, sema!"

"Ni mimi! Ni mimi mkeo!" Fundi akatambaa amshike mguu. Akapigwa teke.

"Mama, mwache. Rudi kwangu taratibu."

Sista alikuwa mlangoni. Fundi alitegemea ataruka, atamkumbatia, atamvuta. Aone kwa macho yake kile alichokuwa akikiwaza. Sista hata hakuingia. Alichuchumaa pale pale kizingitini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi. Ni mimi, sista. Niko mlangoni, sikugusi. Uko wodini. Ni mchana, mlango uko wazi. Niambie unaona nini."

Kucha zikakwangua sakafu.

"Sina haraka. Unaona nini?"

"Chuma," sauti ikatoka chini ya kitanda. "Chuma cha kitanda."

"Ehe. Na kingine?"

"Kikete. Cheusi."

"Hicho changu. Ulikuwa unanifunga. Na kingine?"

Ilichukua muda mrefu. Shuka, ndoo, kamba ya pazia, kimoja kimoja. Sista hakumgusa hata mara moja. Fundi aliketi ukutani, damu inamchuruzika kidevuni, akajua kuwa muda wote ule mikono ya kule benchini aliishikanisha yeye mwenyewe, kichwani mwake.

Baadaye, kwenye chumba cha vidonda, sista akachukua pamba. "Nikuguse?" akauliza. Fundi akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipolia.

"Nimeharibu Ijumaa."

"Umeiharibu," sista akasema. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Daktari ataongeza wiki mbili, labda tatu. Na mimi pia nina kosa. Niliona unaingia bila hodi, nikanyamaza kwa sababu hakikutokea kitu."

Fundi akameza damu. "Unampa nini mpaka anacheka?"

"Mimi? Sijui kucheza drafti. Nacheza vibaya mpaka aibu."

"Ni hilo tu?"

Sista akaitua pamba. "Kucheka na mimi ni rahisi, mama. Simjui alivyokuwa, kwa hiyo simsubiri awe kitu. Wewe ukiingia anaona unamtafuta yule wa zamani, na anajua hayupo. Anachoka."

Yalimchoma kuliko kidonda. Na wivu ulikuwepo bado, msidhani ulikwisha hapo. Ulijikunyata tu pembeni, unasubiri.

Zilikuwa wiki tatu. Kila siku fundi alisimama kizingitini, viatu miguuni, akasema hodi, akajitaja, akangoja. Siku mbili za mwanzo hakuitikiwa. Aliacha bakuli kwa sista akarudi zake. Kulisema neno hilo mbele ya Bi Hodi kulimwuma kama sindano kidoleni, lakini alilisema.

Siku mumewe aliporudi nyumbani, alikwenda kuketi chumbani, taa inawaka mchana kweupe. Fundi akamletea chai. Mlango ulikuwa wazi, chumba ni chake, kodi imetoka kwenye sindano yake. Akasimama nje.

"Hodi."

"Karibu, sista," mumewe akaitikia.

Chai ikamwagika kwenye sahani. Maneno yalimjia, tena makali, yamejipanga mstari ulimini. Akayameza moja moja.

"Sista yuko kazini kwake," akasema. "Huku ni mwenye nyumba."

Mumewe akainua kichwa.

"Mwenye nyumba anapiga hodi?"

"Anapiga. Nimeleta chai. Niingie?"

"Ngoja." Kitanda kikalia, alikuwa anageuka auone mlango. Fundi akangoja, vidole vinamwungua, roho inamwambia yule sista hangojeshwi hivi.

"Karibu," mumewe akasema.

Akapita upande wa dirishani, mikono yote miwili kwenye sahani. Akauliza kama akae, akaambiwa akae. Mumewe hakucheka. Alikunywa chai, akatazama dirishani, na baada ya muda mabega yake yakashuka kidogo.

Nje, wifi alikuwa anaanua nguo. Akapaza sauti: "Nyie! Mbona kimya humo? Mna nini?"

Fundi alimtazama mumewe kwanza, kisha akajibu polepole, kwa sauti ya mtu anayeringia kitu chake.

"Tumekaa tu, wifi."