Tuta la Mlangoni kwa Bibi Fumie

Watu wa kijiji cha Tochizawa hawamchukii dereva wa greda la theluji, ila wanamlaumu kana kwamba theluji anaileta yeye. Greda linapita alfajiri, bamba lake la mbele linasukuma theluji kando, barabara inafunguka. Lakini hiyo theluji ya kando haipotei hewani. Inabaki tuta zito lililoshindiliwa kwenye mlango wa kila nyumba, na mwenye nyumba akiamka hana budi kushika beleshi achimbe ndipo atoke. Tokuji Hoshina alianza kazi hiyo nywele zake zikiwa bado nyeusi, na matusi ya asubuhi aliyatambua kwa sauti za wenyewe.

Nyumba moja tu haikuwa na tuta. Ilikuwa ya Bibi Fumie Igarashi, mjane wa Seiji, dereva aliyemfundisha Tokuji kazi. Kila alipofika pale, Tokuji alirudi nyuma kidogo, akaligeuza bamba, akalikokota lile tuta zima na kulimwaga ng'ambo, kwenye mfereji. Kanuni ya kazi ilisema nyumba zote ni sawa. Tokuji aliijua kanuni hiyo na aliivunja kila siku bila hata kupepesa macho.

"Utakuja kufukuzwa kazi kwa ajili ya huyu bibi," alisema Natsumi, utingo wake. Alikuwa mama mtu mzima aliyeuza tambi kiangazi, na wakati wa theluji alikaa upande wa kushoto wa greda kuangalia mitaro, masanduku ya barua na watu. "Au ndiyo posa hiyo? Wenzako wanapeleka maua."

"Nyamaza uangalie kushoto."

"Naangalia. Ila bi harusi wako hata kuchungulia dirishani hachungulii."

Wakacheka wote wawili, greda likasonga mbele.

Wiki ile theluji ilianguka mfululizo, haikutoa nafasi hata ya kupumua. Mchana walisimamisha greda kwenye banda la mpunga ili wale matonge yao ya wali. Hatsue, jirani wa Bibi Fumie, aliwaletea figili za chumvi kama kawaida yake, na maneno makali kama kawaida yake pia.

"Kuleni mshibe, kesho mnifungie mlango vizuri zaidi. Leo mmeniwekea mlima. Huu mgongo wangu mmeuona wa chuma?"

"Utuwie radhi, Mama Hatsue," Tokuji alisema.

"Radhi yenyewe haichimbi. Muoneni Fumie! Themanini na ushei, lakini kila nikifungua dirisha, mlangoni kwake peupe. Anaamka saa ngapi yule? Na siku hizi anaringa, hata kuja kunywa chai haji."

Tokuji akaliweka tonge chini. Tochizawa hakuna anayezunguka kuulizia hali za wazee. Watu wanatazama matuta. Tuta likichimbwa, mwenyewe ni mzima. Likibaki pale hadi watu wameshakunywa chai, mtu anakwenda kugonga. Hakuna mkutano ulioamua hivyo, wamezaliwa wakayakuta. Tokuji naye ameyakuta. Ajabu ni kwamba, miaka yote hiyo ya kumfanyia wema mjane wa aliyemfundisha kazi, hilo halikumjia akilini hata mara moja.

"Mara ya mwisho umemwona lini?" aliuliza.

"Nimwone wa nini? Si nakwambia mlangoni kwake peupe?"

"Nasafisha mimi," Tokuji alisema. "Kila siku. Ni mimi."

Hatsue alikuwa wa kwanza kutoka, bakuli la figili bado mkononi.

Walikimbia. Kutoka ukingo wa barabara hadi kizingiti cha Bibi Fumie theluji ilikuwa laini, haina unyayo wa mtu wala wa paka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Natsumi alivunja kioo kwa beleshi, wakaingia.

Bibi Fumie alikuwa sakafuni, chini ya madhabahu ndogo ya kumkumbuka mumewe, amejizungushia mfarishi. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya, nyonga imevunjika. Midomo ilikuwa imeingia weusi, lakini macho yalifunguka.

"Nimekunywa maji ya Seiji," alinong'ona, akielekeza kidole kwenye kikombe cha sadaka kilichokuwa tupu. "Sijui atanionaje."

"Atakuona una akili, mama," alisema Natsumi, akimlalia ubavuni ampe joto.

"Nilikuwa nalisikia greda lako, Tokuji. Linasimama, linarudi nyuma. Nikasema, huyo, anakuja. Nikaita." Akapumzika kidogo. "Kisha linaondoka."

Tokuji alitamani ardhi ipasuke immeze, na hakustahili hata hiyo.

Walipiga simu, lakini gari la wagonjwa lilikwama darajani chini. Barabara aliyoifungua Tokuji alfajiri ilikuwa imeshafunikwa tena. Ilibidi ashuke na greda hadi darajani kulifungulia njia. Natsumi asingeweza kumwacha mgonjwa, na greda haliendi bila mtu wa kushoto. Tokuji alipopanda kwenye greda, alimkuta Hatsue ameshakaa kwenye kiti cha utingo, na viatu vyake vya mpira, bado ana bakuli.

"Unatazama nini? Endesha!"

Alikanyaga mafuta kama kijana. Hatsue alipiga kelele njia nzima: "Kushoto! Sanduku la barua la Momose! Kushoto nimesema, we kipofu!" Hapakuwa na muda wa kumhurumia yeyote. Theluji ilimwagika kwenye kila mlango, matuta juu ya matuta. Wakati wa kupanda kurudi kijijini watu walitoka kuja kumtukana, wakaliona gari la wagonjwa limemfuata nyuma, matusi yakaishia midomoni. Walirudi ndani kuchukua mabeleshi.

Bibi Fumie alipona. Alirudi msimu ukielekea ukingoni, akitembelea mkongojo, theluji ikiwa bado imefika madirishani. Tokuji alikwenda kumwona, akapiga magoti mkekani, kichwa chini, asithubutu kukiinua.

"Nisamehe, mama. Nilikuzika mwenyewe kwa mikono yangu."

"Ulinifagilia mlango, mwanangu. Usijitie makubwa." Alimsogezea kikombe cha chai. "Ila nina ombi. Niachie tuta langu kama wenzangu."

"Huwezi kulichimba na nyonga hiyo!"

"Naelewa siwezi."

"Sasa?"

"Sasa litakaa. Likikaa, mtu atakuja. Wewe ulikuwa unanipa mlango usio na tuta, Tokuji, na mimi nilikuwa nakaa nyuma yake peke yangu."

Tokuji akanywa chai ile yote.

Siku iliyofuata theluji ilianguka tena. Walipokaribia pale Natsumi hakutania, aliangalia kushoto tu. Tokuji alishusha bamba, akaushika usukani kwa nguvu, akapita moja kwa moja. Tuta likajaa mlangoni kwa mgonjwa, zito, limeshindiliwa, na roho ikamuuma kama amempiga mtu. Alisimamisha greda mbele kidogo, akatazama kioo cha pembeni.

Taa ilikuwa inawaka kwa Bibi Fumie. Hatsue alikuwa ameshavuka barabara, beleshi begani, na nyuma yake Momose na mkewe.

"Tokuji!" Hatsue alipaza sauti hadi ng'ambo ya mto. "Huna hata haya? Hata kwa mgonjwa! Mshenzi mkubwa wewe!"

Tokuji alifungua dirisha, akaacha baridi imwingie usoni, ili amsikie vizuri.