Besi ya Mwalimu Kailemia

Mwalimu Kailemia aliongoza kwaya ya kanisa pale Kanyakine kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote jambo moja lilimnyima raha: kwenye besi kulikuwa na mtu anayepotoka. Alirekodi nyimbo kwa simu, akazisikiliza kwa hedifoni za shilingi mia tatu, lakini humo besi, soprano na kinanda vilikuwa rojorojo kama uji. Mwishowe alimshuku Muthomi, fundi wa pikipiki mwenye kifua kipana, akamtoa na kumpa kazi ya kupanga viti. Muthomi hakubisha. Kasoro haikuisha, Kailemia akaamua ilikuwa imewaambukiza wengine.

Alipouza parachichi mwaka huu, alienda Embu, kwenye duka la hedifoni la dada aitwaye Tabby. Tabby alimketisha, akamvisha hedifoni za elfu nne. Akazisifu. Akavishwa za elfu kumi na tano, na zile za kwanza zikawa kama kopo. Kisha akavishwa za elfu arobaini na tano, akamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Tabby, mtu mkweli, alimwambia zile za katikati zingemtosha, kwamba hizi zilizidi kidogo tu kwa sauti lakini mara tatu kwa bei. Kailemia alikuwa ameshatoa simu alipe.

Nyumbani alikusudia kumwambia mkewe, Kagwiria, kwamba ni za elfu nne. Ulimi ukagoma, akasema kweli yote. Kagwiria hakupiga kelele. Aliendelea kuponda mukimo huku akimweleza kwamba pesa hizo zingepata mtamba mzuri wa ng'ombe, na mtamba hachajiwi. Kailemia akajibu kwamba hicho ni chombo cha kazi ya Mungu. Ili amthibitishie, akaweka rekodi ya Jumapili, akafumba macho.

Safari hii kila sauti ilikaa mahali pake. Hata Gatakaa wa soprano alisikika akikohoa. Kisha besi ikaingia, na yule mpotovu akaja nayo, chini kidogo ya wenzake, kwa ujasiri mkubwa. Kailemia akatabasamu. Amemnasa. Akaongeza sauti, akangoja. Ubeti ulipoisha, mpotovu yuleyule akasema kwa upole, "Soprano, msinikimbie."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Kagwiria alimwona anavyokodoa macho, akazichukua hedifoni, akasikiliza. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Baba Ntinyari, mimi nimekwambia hivi tangu tuoane," akasema, akijifuta machozi. "Lakini mimi nilikuwa nakwambia bure. Naona ulitaka kuambiwa kwa elfu arobaini na tano."

Kailemia alizichukua hedifoni, akazizima, akala mukimo wake.

Jumamosi, mazoezini, alimwomba Muthomi msamaha mbele ya wote na kumrudisha kwenye besi. Muthomi alisema hakuwa na kinyongo. Kwaya nzima ilijua anayepotoka ni nani, ila walidhani mwalimu naye anajua, na kwamba ndivyo alivyosomea.

Wimbo ukaanza. Kailemia aliongoza kwa mikono tu, midomo ameibana, na kwa mara ya kwanza akaisikia besi imetulia chini ya sauti nyingine, nzito na safi, hadi mwili ukamsisimka. Alitamani mno kuimba nao. Alijizuia mpaka ubeti wa tatu, akashindwa, akaimba, na hapo wanakwaya wote, kwa upendo, wakapaza sauti kuifunika yake.