Upande wa Ukutani

Domina alikuwa ameingiza mkono chini ya shuka, akikunjua vidole vya mume wake kimoja baada ya kingine, aliposikia viatu vya Beda vikija kwenye baraza ya hospitali ya shamba. Hakuuchomoa mkono kwa pupa. Alikwisha kujifunza kwamba pupa ndiyo inayoonekana. Alichukua kitambaa kwenye karai, akakikamua, akakipitisha kwapani mwa Thadeo, akashuka nacho hadi kwenye kiwiko, kama mtu anayeogesha mgonjwa tu.

"Bado unamwosha?" Beda aliuliza akiwa mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Dresa. Namalizia."

Kwa umri Beda, msaidizi wa daktari, angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Lakini kaptura yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi, na funguo za stoo ya dawa zilining'inia kiunoni mwake. Aliipokea shikamoo ile, asiijibu.

"Ukimaliza mlaze kama alivyokuwa. Na mfuko wa mchanga uurudishe. Bwana Daktari akikuta umesogea, anayeulizwa ni mimi."

Domina aliurudisha mfuko wa mchanga juu ya kiganja cha kulia cha mumewe. Viatu vilikwenda zao. Aliinama kuokota karai, akashindwa mara ya kwanza, maji yakamwagika miguuni.

Thadeo alianguka katikati ya safu za mkonge, asubuhi, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza kunyesha. Wenzake walidhani amechomwa na mwiba wa jani, kwa sababu aliushika uso wake. Walipomgeuza wakaona mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia, mkono wa panga, umelala kwenye udongo kama kitu kilichoangushwa na mtu mwingine. Wapo waliosema amepigwa na upepo mbaya. Hospitali ilisema kiharusi. Maneno yote yalimtoka siku ile, akabakiwa na moja: kesho. Ukimpa uji, kesho. Ukimwuliza panapouma, kesho. Mara nyingine alilisema huku akilia kwa hasira, maana alijua silo alilolitaka.

Mtu wa namna hiyo shambani alikuwa na njia moja, nayo ilikuwa lori la Mikumi. Lori lilikwenda huko kuchukua mbao, na lilipokwenda tupu lilipakia wasiofaa tena kazini, wale waliotoka milimani kule juu ya Kidodi, kama Thadeo na Domina. Liliwashusha kando ya barabara, wajitafutie wenyewe namna ya kufika kwao. Mwaka uliotangulia lilimshusha Kasian, aliyekuwa amepooza miguu. Mkewe alimwacha kwenye mkeka, akaenda kutafuta watu wa kumbeba. Watu hawakupatikana mpaka kesho yake asubuhi. Aliporudi nao aliukuta mkeka, na pembeni ya mkeka nyayo za simba zilizojaa maji ya mvua. Kambini habari hiyo haikusimuliwa kwa sauti. Lakini lori lilipowashwa, kila mtu alinyamaza kidogo.

Kilichomzuia Thadeo asipakiwe ni Daktari Linton.

Daktari huyo alikuwa amekuja kutoka Ulaya na swali lake, na kampuni ikampa chumba kimoja cha hospitali ili alijibu. Siku Thadeo alipolazwa, Beda alimweleza Domina pale barazani, akiwa amesimama nyuma kidogo ya Mzungu.

"Sikiliza, mama. Huko Ulaya kuna madaktari wanaosema mwenye kiharusi anyooshwe viungo mapema. Wengine wanasema aachwe atulie kabisa, damu nayo itulie kichwani. Bwana Daktari anataka kujua nani mkweli. Kwa hiyo walio upande wa mlangoni wananyooshwa kila siku. Walio upande wa ukutani hawaguswi. Mvua zikiisha, tutaona."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Ukutani."

"Nani kachagua?"

"Hakuna anayechagua. Anayekuja analazwa mlangoni, anayemfuata ukutani. Zamu tu."

Jana yake alikuwa ameletwa Onesphory, fundi wa korona, kule mkonge unakokamuliwa. Onesphory alikuwa mlangoni. Domina alimtazama kwa mbali, akajikuta anamchukia mtu asiyemkosea kitu.

"Nikikataa je?"

Beda hilo hakulitafsiri. "Ukikataa, lori lipo," alisema kwa sauti ya chini. "Ukikubali, mumeo ana kitanda, una posho, na chumba chako kambini hakiguswi. Sasa niambie nimwambie nini."

Daktari alichuchumaa ili macho yake yalingane na ya Domina. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Mama," alisema kwa Kiswahili cha mashambani, "wewe hapana gusa mkono. Mkono nalala tu. Mimi nataka saidia watu mingi, baadaye."

Domina alimwamini. Aliona kabisa kwamba mtu yule hasemi uongo, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mwongo unaweza kubishana naye.

Aliyewanyoosha wa mlangoni alikuwa Nesi Hildegarda, mwanamke mwembamba aliyesomea misheni. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda kando ya Onesphory, akaushika mkono uliokufa na kuuamsha: kidole, kiganja, kiwiko, bega. Domina, huku akimlisha Thadeo uji, alitazama. Alimtazama mpaka Onesphory akaanza kusogeza goti. Upande huu wa chumba, vidole vya Thadeo vilikuwa vimeanza kujikunja ndani ya kiganja, na kucha zikaanza kuingia kwenye nyama.

Siku alipoona damu kwenye shuka ndipo alipoanza.

Alimnyoosha wakati wa kumwogesha, chini ya shuka, mgongo ukielekea mlangoni. Mwanzoni alikosea. Thadeo aliguna kwa maumivu, naye akaganda, akasubiri aitwe jina. Hakuna aliyemwita. Kesho yake Hildegarda, akiwa kwa Onesphory, alianza kusema kwa sauti mambo aliyokuwa akiyafanya kimya siku zote.

"Kidole gumba kwanza. Usikivute, kikunjue kutoka kwenye shina lake. Sasa kiganja, taratibu, kwenda nyuma. Hivyo. Kiwiko ukishike kwa chini, usiache mkono uning'inie, bega litachomoka."

Onesphory alimtazama kwa mshangao. Alikuwa amezoea kufanyiwa, si kufundishwa. Hildegarda hakugeuka hata mara moja kuutazama upande wa ukutani. Ila alisema neno moja moja, akisubiri baada ya kila neno, na chini ya shuka la Thadeo mkono wa Domina ulifuata.

Wale wanawake wawili hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo.

Kidole cha kati ndicho kilichosogea kwanza. Domina alidhani ni yeye aliyekisukuma. Alikiachia, kikasogea tena, peke yake. Alipaswa kufurahi. Badala yake alimwinamia mumewe sikioni.

"Usikioneshe. Umenisikia, baba? Wakija, kilaze."

"Kesho," alisema Thadeo, na machozi yakamtoka kwenye jicho moja.

Lakini mtu aliyekaa miezi bila mkono wake, ukimrudia, atauficha wapi? Beda alimkuta ameshika ukingo wa shuka. Alikimbia kumwita Daktari, funguo zikipiga kelele kiunoni. Daktari alikuja na kifungo kimoja cha shati kikiwa wazi, akamchoma Thadeo kwa pini, akamgonga magoti, akampa mpira wa kuminya. Thadeo akauminya. Daktari alicheka kama mtoto. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni, na Domina alipunguza kumnyoosha mumewe, kisha akaongeza, kisha akapunguza tena, asijue lipi litamwua upesi, mkono ukizidi kupona au mkono ukiacha.

Mvua zilipokatika, Meneja mwenyewe alikuja. Alisimama katikati ya chumba akiwa na kofia yake mkononi, akajipepea nayo. Kati ya wale wa ukutani mmoja, mzee wa Munisagara, alikuwa amekufa, na mwingine hakuwa na mabadiliko. Wa mlangoni walikuwa wanakaa, Onesphory alikuwa akisimama kwa fimbo. Lakini Thadeo, mtu wa ukutani, alitoka kitandani mbele yao wote, akaburuta mguu mpaka dirishani, akarudi. Meneja alisema jambo kwa Kiingereza. Daktari alijibu akitikisa kichwa. Walibishana kidogo, kisha Daktari akamgeukia Beda.

"Mama Domina," alisema Beda, na sauti yake ilikuwa ngeni, ya kiserikali. "Bwana Daktari anauliza. Toka mumeo alazwe hapa, kuna mtu aliyemnyoosha huu mkono? Wewe, au mwingine yeyote?"

Hildegarda alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Onesphory. Alikuwa akikunja taulo.

Domina aliisikia injini nje. Huenda ilikuwa ya mashine ya korona tu, lakini yeye aliisikia kuwa ya lori.

"Hapana," alisema.

"Hata siku moja?"

"Nilikuwa namwosha tu."

Hapo Thadeo alisogea. Alikuwa mtu mkweli, na kiharusi hakikumwondolea hilo. Aliunyoosha mkono wake wa kulia, ule uliofufuka, akaushika wa Domina. Akakishika kidole gumba cha mkewe na kuanza kukikunjua kutoka kwenye shina, taratibu, huku akiwatazama Wazungu kwa uso wenye bidii, kama anayesema: hivi, alinifanyia hivi. "Kesho," aliwaeleza. "Kesho, kesho."

Domina hakuthubutu kuuvuta mkono.

Beda akacheka. "Anampenda mkewe," akasema, kisha akakitafsiri kicheko chake kwa Kiingereza, na Meneja naye akacheka. Daktari hakucheka. Aliitazama ile mikono miwili kwa muda, akamtazama Domina, akafungua kinywa. Meneja akamshika bega, wakatoka nje pamoja.

Beda ndiye aliyewaletea habari, akiwa na furaha ya mtu aliye karibu na mambo makubwa. Daktari alisema watu aliowachunguza bado ni wachache mno, anahitaji mwaka mwingine. Meneja akasema kwake wametosha. Kama aliyepona kuliko wote ni yule aliyeachwa tu, kampuni inalisha nesi na kupanga vitanda kwa ajili gani? Watu hawa ni wagumu, alisema, ukiwaacha wanaamka wenyewe. Daktari aliondoka na treni ya Dar es Salaam kabla ya wiki kwisha. Vitanda vilipelekwa kwenye nyumba ya wageni wa kampuni.

Domina alimkuta Hildegarda kwenye njia ya stesheni ya Kilosa, sanduku la bati kichwani. Alitaka kupita upande wa pili. Akaita.

"Nesi."

Hildegarda alisimama. "Mumeo anaendeleaje?"

"Wamempa kufagia pale korona. Posho nusu."

"Bega lisimning'inie."

"Nesi, mimi ningesema. Ila ningesema..."

"Ungesema ungenitaja," alisema Hildegarda. "Nami nilikuwa pale. Nina mdomo." Alilitengeneza sanduku kichwani. "Nilikuwa nakunja taulo. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena."

Hawakuagana. Treni ilikuwa imekwisha kupiga honi.

Wakati wa kupalilia, Domina alipata kibarua cha kufua mablanketi ya hospitali. Siku moja aliingia kuyachukua kwenye kile chumba, ambacho sasa kilikuwa na mikeka sakafuni, akamkuta Wenceslaus, mkataji kijana wa kambi ya pili, amelala chali na mdomo umekwenda upande. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye saruji. Mkewe, Odilia, alikuwa ameketi karibu naye, hajamgusa. Beda alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo, akitazama nje.

"Shikamoo, dada," alisema Odilia. "Wewe ndiwe wa Thadeo?"

"Marahaba. Ndimi."

"Bwana Dresa kaniambia. Anasema mumeo alipona hapa hapa, bila mtu kumshika. Anasema nami nisimshike, nitamharibu." Aliongea haraka, macho yakiwa usoni kwa Domina. "Ni kweli, dada?"

Domina aliyakumbatia mablanketi. Yalinuka mkojo. Kule mlangoni funguo zililia kidogo, Beda alikuwa amegeuza uso.

"Alipona," alisema Domina.

"Bila kushikwa?"

Vidole vya Wenceslaus vilikuwa vimeanza kujikunja, vidogo vidogo, kama vya mtoto aliyelala.

"Mwambie, mama," alisema Beda. "Mwambie mwenyewe asikie."

Odilia alisubiri. Alikuwa msichana bado, na hakujua pa kuiweka hofu yake. Domina aliposhusha macho ndipo alipoona alivyoketi: viganja vyote viwili alikuwa ameviweka chini ya mapaja yake na kuvikalia kwa uzito wake wote, ili visije vikamponyoka vikamshika mumewe.